Fungu Lililorukwa

Karani wa hazina alikuwa na rula ya chuma ya sentimita thelathini, na kwa ajili yake watu walimwita Rula, wengi wao bila kukumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kupiga mstari kwa mkono mtupu. Kila asubuhi aliifuta rula kwa kitambaa chenye unyevu, akailaza sambamba na ukingo wa meza, akachonga penseli mbili, moja ya kuandikia na moja ya akiba, ndipo akafungua daftari. Wenzake walimtania kwamba hata usingizi wake umepigwa mistari. Hakukasirika. Moyoni alilichukulia neno hilo kuwa sifa.

Wilaya ilipogawanywa, daftari lake ndilo lililoitwa mezani. Tangazo lenyewe lilikuwa na aya tatu tu: wilaya mpya imemegwa kutoka ile ya zamani, mpaka utapita darajani, mali na fedha zitagawanywa na tume. Kabla wino haujakauka watu walikuwa wameshazipa majina, ya zamani wakaiita Mama na mpya wakaiita Mwana. Mambo makubwa, yaani mishahara, barabara na majengo, yaligawanywa kwa idadi ya watu baada ya siku tisa za kupigiana meza. Yakabaki mafungu madogo, zile fedha za kila mwaka za vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka siku vinapokosekana: miwani ya wanafunzi, kamba ya bendera, majembe ya kitalu cha miche. Yalizidi mia mbili, yote ndani ya daftari moja, kwa mwandiko wa mtu mmoja.

Tume iliongozwa na jaji mstaafu, mzee mwembamba aliyekalia mto kwa sababu ya mgongo. Upande wa Mama alikuwapo mweka hazina, mtu mnene asiyeachana na kikombe chake cha chai. Upande wa Mwana alikuwapo wakili mwanamke, kijana bado, aliyeandika kila neno lililosemwa, hata mizaha. Fungu dogo la kwanza lilikuwa la kufyeka nyasi za uwanja wa mpira, na waliligombania kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana.

Jaji akavua miwani. "Mnajua wanangu walivyokuwa wakigawana peremende? Wewe moja, mimi moja. Na hakuna aliyelia."

"Alilia yule aliyekuta zimekwisha," alisema mweka hazina.

Ukumbi ulicheka, na katika kicheko kile utaratibu ukapita. Karani angesoma fungu baada ya fungu kama lilivyoandikwa. La kwanza la Mama, la pili la Mwana, hivyo hivyo hadi mwisho. Anayepewa angejibu "Tumepokea", na asingelirudisha wala kulibadilisha mpaka mwaka wa fedha uishe. "Mkibadilishana moja mtataka kubadilishana yote," alisema Jaji, "na mimi mtanizika na kiti hiki hiki."

Wakili aliinua kalamu. "Mheshimiwa, je, fungu likimwendea asiye na kitu chenyewe? Sisi tupewe fedha za kutengeneza kitu kilichoko kwao?"

"Basi mtakuwa na fedha. Umewahi kusikia mtu amekufa kwa kuwa na fedha?"

Wakacheka tena. Rula naye alicheka.

Alianza kusoma saa nane. Ukumbi ulikuwa na feni nne, mbili zikizunguka na mbili zikitazama, na mashine ya kunakili ilikuwa imekauka wino tangu fedha zilipozuiliwa kungoja mgawanyo, kwa hiyo hapakuwa na nakala. Kila upande uliandika kile ulichokisikia. Mafungu hayakuwa na namba, yalikuwa na majina tu. Rula aliilaza rula chini ya mstari, akasoma, akasubiri jibu, akaandika pembeni M ya Mama au W ya Mwana, akaishusha rula mstari mmoja. Mama ikapata rangi ya kupaka shule iliyokuwa kwa Mwana. Mwana ikapata kamba ya bendera iliyopepea mbele ya ofisi ya Mama. "Tumepokea." "Tumepokea." Sauti za wajibuji zilianza kusinzia.

Ukurasa wa afya ndio uliomwamsha yeye. Jicho lake lilikuwa na mazoea ya kutangulia mdomo ili kuitafutia rula mahali pake, na lilipotangulia safari hii lilisimama katikati ya ukurasa: *Umeme na vichungi, mashine ya oksijeni, hospitali ya wilaya.* Akahesabu kutoka pale alipo. Mama, Mwana, Mama, Mwana. Akahesabu mara ya pili kwa ncha ya penseli. Fungu lilikuwa linaangukia kwa Mwana.

Hospitali ilikuwa upande wa Mama. Mashine ilikuwa moja tu, kubwa kama kabati la nguo, ikinguruma katika chumba cha nyuma mwishoni mwa wodi ya wanaume, na mpira wake mmoja ulifika puani mwa mdogo wake Rula. Mdogo wake huyo alikuwa ameponda mawe miaka kumi na tisa kwenye mtambo wa kokoto, na vumbi lilikuwa limehamia kifuani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Miezi kumi na minne sasa alikuwa akiishi kwa mpira ule. Mganga mkuu hakumficha Rula kitu. "Umeme wa mashine hii tunaulipia kabla. Siku fungu likikatika, mita inazima yenyewe. Na yeye bila mashine hamalizi siku tatu."

Juu ya mstari ule palikuwa na mstari mwingine: *Posho na dawa, mtia dawa wa tangi la mlimani.* Kiasi chake kilikuwa kidogo kuliko cha penseli za ofisi. Rula alimfahamu mtia dawa huyo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemwandika miaka kumi na mmoja iliyopita: mwanamke aliyepanda mlimani kila alfajiri kutia dawa ya kutakasa maji kwenye tangi linalonywesha pande zote mbili za daraja. Hakumwazia mabaya. Aliwaza kwamba tangi lipo, mwanamke yupo, na jambo dogo kama lile hurekebishwa kwa barua moja.

Rula ikashuka mistari miwili badala ya mmoja.

"Umeme na vichungi, mashine ya oksijeni, hospitali ya wilaya," alisoma. Sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Tumepokea," alisema mweka hazina wa Mama kutoka ndani ya kikombe.

Kuanzia hapo kila fungu lilikwenda kusikokuwa kwake, na hakuna aliyejua ila mmoja. Dawa za minyoo zikaenda kwa Mwana. Mafuta ya gari la wagonjwa la ng'ambo ya daraja yakaenda kwa Mama. Walipofika mwisho, orodha mbili zilikuwa sawasawa, mia moja na sita kwa mia moja na sita. Jaji akapiga makofi peke yake. "Mnaona? Hata daftari limewahurumia." Rula alitazama ule mstari usio na herufi pembeni, mweupe kama pengo mdomoni, kisha akafunga daftari taratibu, kwa mikono miwili.

Siku ya pili, saa ya kuwaona wagonjwa, alikwenda wodini. Mdogo wake aliketi akiwa ameegemea mito mitatu, mkewe akimkunjia shuka miguuni.

"Kaka! Njoo uone. Leo wamenijaza upepo mpaka nadunda. Ukinitupa dirishani narudi mwenyewe."

"Acha maneno mengi, utachoka," alisema mkewe. "Shemeji, mwambie. Mimi hanisikii."

"Wamegawana?" aliuliza mgonjwa.

"Wamegawana."

"Na kabati langu?"

"Limebaki huku."

Mdogo wake alifumba macho, na kwa muda ukasikika ule mngurumo wa chumba cha nyuma. "Nilikwambia, mke wangu. Kaka hawezi kuniacha nife kwa upuuzi wa makaratasi." Rula aliushika mpira uliojikunja, akaunyoosha vizuri kando ya chuma cha kitanda.

Mwezi haukuisha kabla mtia dawa hajafika ofisini. Watu walimwita Bi Tangi, na yeye mwenyewe alijiita hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miguu yake imekomaa kwa kupanda mlima, na kila aliposema jambo zito alilisema kana kwamba anachekesha.

"Hodi. Bwana Rula, naomba kuuliza. Mimi nimekufa lini?"

"Karibu. Umekufa?"

"Nakuuliza wewe mwenye daftari. Kwa Mama wameniambia niende kwa Mwana. Nimevuka daraja, kwa Mwana wameniambia nirudi kwa Mama. Mtu asiyejulikana kwa mama wala kwa mwana, huyo si marehemu? Ila njaa sijui kwa nini haijapewa taarifa."

Rula alifungua mtoto wa meza. Bahasha ilikuwa tayari, imeandaliwa tangu juzi kutoka kwenye mshahara wake mwenyewe, posho kamili, bila kupungua senti. Alikuwa ameandaa pia stakabadhi mbili zilizopigwa mistari: *Nimepokea posho ya mwezi.* Alimwonyesha pa kutia sahihi. Nakala moja akaiweka kwenye jalada, nyingine akampa.

Bi Tangi aliigeuza karatasi. "Mbona haina muhuri?"

"Muhuri utakuja."

"Haya. Na dawa?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Posho angeweza kuitoa mfukoni. Dawa ya maji haikuuzwa dukani. Ilitolewa na bohari ya serikali kwa hati yenye jina la fungu na sahihi ya mwenye fungu, na fungu lile halikuwa na mwenyewe.

"Imebaki kiasi gani?"

"Ndoo moja na robo. Natia vikombe vinane kila alfajiri. Haitanifikisha mwezi ujao."

"Tia vinne."

Bi Tangi alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Bwana Rula, waliponifundisha walinikataza. Walisema ukitia nusu, hujatia kitu, umechafua kikombe tu."

"Ni kwa muda. Mpaka barua ijibiwe."

"Kumbe umeshaandika barua?"

"Naiandika leo."

Aliianza siku hiyo, na akaianza tena kesho yake, na keshokutwa. Kila mara ilikwenda vizuri, salamu, kumbukumbu, kichwa cha habari, hadi pale alipopaswa kueleza kwamba fungu lilirukwa. Hapo kalamu ilisimama, maana lisingeweza kusemwa bila kumtaja aliyeruka. Na akitajwa, usomaji ungerudiwa kuanzia mstari ule, na mashine ingekwenda kwa Mwana. Alizichana karatasi vipande vinne vinne vilivyolingana, akitumia rula.

Mwezi wa pili Bi Tangi alikuja na mzaha mmoja tu. "Sasa natia viwili. Nazungumza na yale maji, nayabembeleza yajitakase." Alitia sahihi, akachukua bahasha, akaiangalia muda mrefu. Mwezi wa tatu hakutania kabisa.

"Ndoo imekwisha. Tangu Jumatatu napanda tu. Nafungua mfuniko, nachungulia, nafunga, nateremka. Bwana Rula, mimi sikuajiriwa kuchungulia maji."

"Usiache kupanda."

"Kwa nini nipande?"

"Watu wakikuona wanajua tangi lina mtu."

"Ndiyo hivyo," alisema Bi Tangi. "Wananiona, wanakunywa." Akaikunja stakabadhi ya tatu, akaitia kwenye kopo dogo la bati pamoja na zile mbili.

Mvua zilianza wiki hiyo. Maji yakateremka na kila kilichokuwa mlimani, na siku ya nne wakafika hospitali wagonjwa wawili wa kuhara, baba na binti yake. Siku ya tano wakawa kumi na saba. Siku ya saba kipindupindu kikatajwa kwa jina lake, na vitanda vikawekwa kwenye veranda, kisha kwenye chumba cha kufulia, kisha watu wakalazwa sakafuni juu ya makaratasi ya maboksi. Ndoo zikaisha. Gari la wagonjwa la upande wa Mwana lilikuwa limesimama juu ya mawe bila tone la mafuta, kwa hiyo wa ng'ambo waliletwa kwa mikokoteni, na baadhi walifika wakiwa hawahitaji tena kuteremshwa kwa uangalifu. Katika siku tisa walikufa watu thelathini na mmoja. Rula aliipata idadi hiyo kazini, kwa sababu sanda zililipiwa na hazina.

Wodini, vitanda vilikuwa vimesogezwa hata mtu asiweze kupita bila kugeuka upande. Kando ya mdogo wake palikuwa na mwalimu wa chekechea aliyekuwa ameanza kubadilika rangi. Mdogo wake hakuwa na utani siku hiyo.

"Kaka, hawa wote wanatoka wapi?"

"Ni maji."

"Maji gani?"

"Ya tangi."

"Si kuna yule mama anayetia dawa? Nilikuwa nikimpita alfajiri nikienda kwenye kokoto. Hakosi siku."

Rula alisema amesahau kitu ofisini, akaondoka.

Bi Tangi alikamatwa mlimani, mkono wake ukiwa juu ya mfuniko. Ndoo zake zilikutwa kavu. Ndani ya kopo la bati walikuta stakabadhi tatu safi, zilizonyooka mistari, zikithibitisha kwamba kwa miezi mitatu alikuwa amelipwa posho yake yote. Habari ikashuka mlimani kabla yake: mwanamke amekula fedha, hakutia dawa. Alipopitishwa sokoni walimrushia matope, na mmoja akamrushia jiwe.

Askari wawili walikuja ofisini kwa heshima zote. Walimwita Rula mzee. Walimwekea stakabadhi mezani.

"Mtuhumiwa anasema hizi umempa wewe. Ni kweli alilipwa?"

"Alilipwa."

"Posho kamili?"

"Kamili."

"Basi, mzee. Hatukupotezei muda." Mmoja aliandika, mwingine akazisifu stakabadhi: laiti kila ofisi ingekuwa na karani kama huyu. Walipotoka, Rula alibaki amesimama. Swali waliloliuliza alikuwa amelijibu kwa ukweli mtupu, na ukweli ule ungemfunga Bi Tangi maisha yake yote. Alitazama meza yake. Penseli mbili, rula, daftari, kila kimoja sambamba na mwenzake. Ghafla alivisukuma vyote kwa kiganja, vikaanguka sakafuni kwa kishindo. Kisha akapiga magoti akaviokota.

Alichelewa kufika wodini. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imebaki robo. Kitanda cha mwalimu wa chekechea kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Rula aliketi ukingoni mwa kitanda cha mdogo wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kuwa wauguzi walilikataza, akamweleza yote kwa mpangilio: ukurasa, mstari, herufi iliyokosekana, vikombe vinane, vinne, viwili, stakabadhi, askari. Mdogo wake alisikiliza akiwa ameushika mpira kwa mikono miwili.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe.

"Ungekataa?"

"Sijui." Alivuta pumzi, akavuta nyingine. "Pengine ningekwambia ruka. Ruka hata kumi. Ningesema nini, mimi ninayeogopa hata muuguzi akigusa swichi? Lakini ningekuwa nimesema mimi. Sasa nimevuta pumzi za watu miezi mitatu bila kujua."

"Nilitaka uishi."

"Najua, Kaka. Usilie, watu wanatuangalia." Kisha akauliza, "Huyo Bi Tangi ana watoto?"

"Wawili. Na wajukuu."

Mdogo wake aligeuza uso ukutani. Kengele ya kuwatoa wageni ililia, wageni wa vitanda vingine wakaanza kusimama.

"Nenda kasome upya," alisema, uso bado ukutani. "Wakizima, watazima asubuhi au jioni?"

"Sijui."

"Uliza. Ningependa kujua. Na mke wangu usimwambie mpaka umalize. Atakuja kukung'ang'ania, na wewe huna nguvu ya kumkatalia."

Tume iliitwa siku mbili baadaye, katika ukumbi ule ule, chini ya feni zile zile. Rula alisimama mbele ya meza akafungua ukurasa wa afya. Hakueleza sana. Aliweka kidole kwenye pengo.

Jaji alisogeza mto wake, akatazama, akatazama tena. "Unajua unachokisema mbele ya watu hawa?"

"Najua, mheshimiwa. Mwanamke aliyeko rumande hakuwa na fungu. Nililiruka. Posho nilimpa kutoka mfukoni mwangu, na kupunguza dawa nilimwamuru mimi."

Ukumbi ulilipuka. Wakili ndiye aliyekuwa wa kwanza kuushusha msukosuko ule, kwa kupiga meza kwa ubapa wa daftari lake. "Kila kilichosomwa baada ya mstari huu ni batili. Tunadai usomaji urudiwe, hapa, sasa hivi."

"Batili nini?" mweka hazina alifoka. "Fedha nusu tumeshazitumia!"

"Mtarudisha. Kuna mafuta ya gari letu la wagonjwa humo. Tuliwaomba kwa barua tatu. Watu wetu wanaletwa kwa mikokoteni kama magunia, tunawaomba, na ninyi mkatujibuje? Someni jibu lenu."

Mweka hazina hakulisoma. Kila mtu alilikumbuka: hakuna kubadilishana mpaka mwaka uishe.

"Basi mashine tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mheshimiwa, mashine ya oksijeni iko kwetu. Fungu hilo wangetuachia. Kuna watu pale wanaitegemea."

Jaji alimgeukia wakili. Wakili alikuwa akiitazama kalamu yake. "Mjomba wangu alifia kwenye mkokoteni, katikati ya daraja," alisema. "Sina cha kuachia. Kama ilivyoandikwa, mheshimiwa."

Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza nani mwingine anaweza kusoma. Karani mmoja alilisogelea daftari, akainama, akatikisa kichwa: vifupisho vile alivijua mwenyewe aliyeviandika.

"Asome yeye basi," alisema Jaji. "Akimaliza, askari walioko nje watamsikiliza. Na yule mama aachiwe leo."

Rula akaketi. Akatoa kitambaa, akaifuta rula, akailaza chini ya mstari mweupe. Nyuma kabisa ya ukumbi mlango ulifunguliwa, na bila kuinua macho akaijua hatua ile ya kandambili: ni shemeji yake, kuna mtu alikuwa ameshamwambia.

"Posho na dawa, mtia dawa wa tangi la mlimani."

"Tumepokea," alisema mweka hazina.

Akaandika M. Akaishusha rula mstari mmoja.

"Umeme na vichungi," alisoma, "mashine ya oksijeni, hospitali ya wilaya."

"Shemeji," ilisema sauti kutoka mlangoni. Haikuwa kubwa. "Shemeji, subiri."

Penseli ilikuwa mkononi mwake, ncha imegusa karatasi. Wote walikuwa wakimsubiri wakili.

"Tumepokea," alisema wakili.

Rula akaandika W, herufi nzuri iliyonyooka kama zile zote zilizotangulia, akaishusha rula mstari mmoja, akaendelea kusoma.